Boti ya Kilwa inaondoka saa ngapi?

Kila likizo ya shule inapokaribia, simu yangu hujaa swali hilo hilo. Wengine ni ndugu, wengine tulisoma pamoja, wengine hata sura zao zimenitoka. Wameona picha za magofu, wanajua mimi nakaa Lindi, basi: "Hivi boti ya Kilwa inaondoka saa ngapi?" Ukijibu "inategemea", mtu anaona unamficha kitu, au unataka kumpeleka kwa dalali wako.

Simfichi mtu. Ni kwamba swali hilo fupi lina mafundo matatu ndani yake: Kilwa ipi, maji gani, na saa ya nani. Asiyeyafungua anaweza kufika salama, akatumia pesa zake vizuri kabisa, na bado akaishia kukaa juu ya tope akitazama mikoko. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kukaa.

Tuanze na fundo jepesi. Kilwa ni wilaya ya Mkoa wa Lindi, na ndani yake kuna Kilwa tatu. Kilwa Masoko iko bara. Ndiyo makao makuu ya wilaya, ina benki, gati na nyumba za wageni. Kilwa Kivinje nayo iko bara, kaskazini ya Masoko, mji mkongwe wa biashara wenye majengo ya zamani ya Kiarabu na Kijerumani. Kilwa Kisiwani ndicho kisiwa chenyewe, kama kilomita 2 tu kutoka Masoko. Ukisimama ufukweni mwa Masoko unakiona.

Ukipanda basi Mtwara au Dar es Salaam ukamwambia kondakta "nashuka Kilwa", mara nyingi utashushwa Nangurukuru. Hapo ni njia panda, hakuna bahari hata ya kunusa. Chukua gari dogo la abiria mpaka Masoko, usianze kugombana na kondakta. Hajakosea, wewe ndiye hukusema Kilwa ipi.

Halafu kuna Songo mbili, zote katika wilaya hiyo hiyo. Songo Songo ni kisiwa cha gesi. Gesi yake imekuwa ikisafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004. Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini ya Kilwa Kisiwani, chenye magofu ya mji wa karne ya 14 na 15. Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na huenda ndiko ulikotoka uvumi unaoendelea mpaka leo kwamba "kule kumefungwa, kuta zinaanguka". Yalitengenezwa, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Hakukufungwa.

Sasa maji.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kujaa ni maji kupanda na kusogea pwani. Kupwa ni kushuka na kurudi nyuma. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache. Hapa Lindi asubuhi ya maji makubwa utaona mitumbwi imelala ubavu juu ya mchanga kama imesahaulika, kamba za nanga zimelegea. Rudi jioni, mitumbwi ile ile inaelea, na pale ulipokanyaga asubuhi watoto wanapiga mbizi.

Anayeyavuta maji hayo ni mwezi, akisaidiwa na jua. Upande wa dunia unaoutazama mwezi, maji huvutwa yakainuka. Upande wa pili, ulioupa mwezi mgongo, nako huinuka, kwa kuwa huko mvuto wa mwezi ni hafifu na maji yanakuwa kama yameachwa nyuma. Dunia inajizungusha, sisi tunapita kwenye mwinuko mmoja, kisha wa pili. Ndiyo maana ni mara mbili.

Lakini haiwi saa zile zile kila siku, na hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Fikiria watoto wawili wanacheza kwenye duara. Mmoja anakimbia, mwingine anatembea polepole kuelekea upande ule ule. Anayekimbia akimaliza mzunguko na kurudi alipoanzia, mwenzake hayupo tena pale, amesogea hatua kadhaa. Inabidi aongeze kidogo ndipo amfikie. Dunia ndiyo inayokimbia, mwezi ndio unaotembea. Ile nyongeza ni kama dakika 50. Kwa hiyo maji yakijaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na keshokutwa yamesogea tena. Boti inayofuata maji haiwezi kuwa na ratiba ya kubandikwa ukutani kama basi.

Ongeza na hili: si kila kujaa ni sawa. Chukua watu wawili wanaokokota mashua kuipandisha pwani. Wakivuta upande mmoja, mashua inapanda haraka. Mmoja akivuta mbele na mwingine akavuta kando, mashua haiendi mbali. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huwa kwenye mstari mmoja, wanavuta pamoja. Maji hupanda sana na hushuka sana. Hayo ndiyo bamvua. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya juu na chini wakati wa bamvua inaweza kupita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba yako. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kivyake na mwezi kivyake. Maji yanacheza kidogo tu, kama mita moja hivi. Hayo ni maji mafu.

Wengi hudhani bamvua huja na mwezi mpevu peke yake, kwa sababu huo ndio unaoonekana. La. Usiku wa giza totoro, mwezi unapoandama, nako kuna bamvua. Wengine husema mvua nyingi ndiyo hujaza bahari. Mvua hujaza mito na huchafua rangi ya maji karibu na midomo ya mito, lakini kujaa na kupwa hakungoji mawingu.

Na kuna kanuni moja ya wavuvi ambayo ingefaa ifundishwe shuleni. Kwenye pwani hii siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: hujaa karibu saa nne, hupwa karibu saa kumi. Ukijua mwezi uko wapi, unajua maji yako wapi, bila bando la intaneti.

Shemeji yangu wa Dodoma hakuwa na habari ya kanuni hiyo. Alikuwa na simu.

Alikuja na familia, akataka Songo Mnara, akaniambia niache, atapanga mwenyewe. Akafungua jedwali la maji kwenye simu, akakuta maji yanajaa 04:10. Akampigia nahodha: tufike kule saa nne na dakika kumi, maji yakiwa yamejaa. Nahodha, mzee wa watu, akamwambia, "Bwana mkubwa, saa nne maji yatakuwa yametoka." Shemeji akashikilia, ameyaona mwenyewe kwenye simu, tena kuna na mchoro. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Simu yako imesoma kuliko mimi."

Mimi nilikuwepo wala sikushtuka, kwa hiyo simcheki peke yake. Simu hutumia saa inayoanza kuhesabu usiku wa manane. 04:10 ya simu ni saa kumi na dakika kumi alfajiri yetu. Saa nne asubuhi yetu, simu huiandika 10:00. Tofauti kati ya saa ya simu na saa ya Kiswahili ni saa sita kamili. Na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa ngapi? Sita na kidogo. Maana yake ukikosea kusoma saa, hukosei kidogo: unafika wakati wa kinyume kabisa. Maji uliyoyatafuta yamejaa, unayakuta yamepwa hadi chini. Sijui mtego mwingine uliopangika vizuri namna hii.

Tulifika saa nne na dakika kumi kamili. Mbele yetu palikuwa na tope la kijivu, mizizi ya mikoko imesimama kama vidole, na vikaa wadogo wanaokimbia kando kando. Boti ikakwama mbali. Nahodha akazima mashine, akatoa chupa yake ya chai, akakaa. Hakusema neno. Sisi tukashuka, tope likatumeza hadi magotini. Shemeji akavuta mguu wa kulia, ukatoka, kandambili ikabaki. Akaingiza mkono kuitafuta hadi kwenye kwapa, hakuipata. Iko kule mpaka leo, labda nayo siku moja itachimbuliwa na wataalamu.

Magofu tuliyaona, ndiyo, tukiwa tumepakwa tope kama vyungu. Kisha tukasubiri maji yarudi, na Juni upepo wa kusi ukishaamka mchana, safari ya kurudi si ya mtu mwenye tumbo jepesi.

Kwa hiyo, kwa Songo Mnara, ushauri wangu ni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Maji hujaa asubuhi inayoelekea mchana, hivyo unafika yakiwa yanapanda, unatembea saa mbili tatu, unaondoka kabla hayajashuka sana. Na hata yakishuka hayaendi mbali. Jiandae kukanyaga maji tu, kushuka kwake mara nyingi si kwa gati. Vaa raba kuukuu zinazobana mguu. Kandambili nimeshazisema.

Kilwa Kisiwani haina ukali huo. Mkondo kati yake na Masoko ni wa kina, ndiyo sababu meli za zamani ziliupenda, na kwa boti ya mashine unavuka kwa dakika chache. Kwa mashua ya tanga inategemea upepo, na mimi huipenda zaidi, ingawa wanangu hulalamika. Maji yakiwa yamepwa utashuka mbali kidogo na ukavu, basi, hakuna zaidi ya kukunja suruali. Mwenye siku moja tu aende Kisiwani. Mwenye mbili aongeze Songo Mnara.

Bamvua nayo ina faida zake. Asubuhi maji yakiwa yametoka, miamba yote iko wazi, na utawaona akina mama wakitembea na vijiti wakichungulia mashimo ya pweza. Mama mmoja alinionyesha: unatazama kwanza ganda la kaa au chaza lililotupwa nje ya tundu; pweza akishakula hutupa taka mlangoni kwake. Ukitaka kutembea miambani nawe, buruza miguu unapopita kwenye mchanga wenye maji ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia humo, asikie na akimbie, maana mwiba wake hauna utani. Na tazama usikanyage wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu.

Upepo ni jambo jingine linalowachanganya watu, kwa kuwa wanauliza "msimu mzuri ni upi" kana kwamba upo mmoja. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, joto kali, bahari ya wastani. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, hewa inapoa, lakini bahari inachafuka, hasa Juni hadi Agosti na hasa mchana. Katikati, Oktoba na Novemba, upepo hulegea, maji huwa safi. Kama unaweza kuchagua, chagua hapo. Kama huwezi, toka asubuhi na mapema. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa kufuata pepo hizi hizi, naye hakuwa na uwezo wa kuchagua likizo.

Mvua huku kusini huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na kinachosumbua zaidi ni barabara kuliko bahari. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili. Ukisafiri mwishoni mwa msimu wa mvua, acha siku moja ya ziada kwenye ratiba yako, usinunue tiketi ya ndege ya kubana.

Kuna malalamiko ninayosikia mara kwa mara: "Tumetozwa kibali cha kwenda kisiwani, ni utapeli." Si utapeli. Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, jambo ambalo nalo huwashangaza watu kwa kuwa hakuna simba kule. Kiingilio hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka, raia analipa kiasi chake na mgeni wa nje kiasi chake, kwa hiyo beba kitambulisho. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, chukua risiti. Nauli ya boti ni kitu kingine. Hiyo mnaelewana na nahodha, na mkubaliane kabla ya kupanda kama ni ya kwenda na kurudi, na kama atawasubiri. Utapeli, ukiwepo, hujificha kwenye neno "tutaelewana tu". Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Pesa taslimu toa Masoko. Kisiwani hutakuta mashine ya benki.

Ukishafika, kumbuka pale ni kijiji cha watu, wana mashamba, madrasa na misiba yao. Shikamoo hailipiwi. Nguo za kuogelea ziache kwenye mkoba. Mama avae kanga, baba asitembee kifua wazi. Usimpige mtu picha kabla ya kumuomba. Chukua mwongozaji, maana bila yeye magofu ni mawe tu. Yeye ndiye atakayekuonyesha Msikiti Mkuu na kuba zake, Gereza lililoanzia kwenye ngome ya Wareno ya 1505, na kisha, kwa mwendo wa miguu chini ya jua, Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14. Pale kuna birika la kuogelea la pembe nane linalotazama bahari. Simama ukingoni kidogo. Limejengwa kwa matumbawe na chokaa, pembe zake bado zimenyooka, na kila anayefika huuliza kitu kile kile: maji waliyapandishaje huku juu?

Chini, kwenye mchanga, utaona vigae vya vyungu, vingine vyenye rangi ya kijani au buluu, vilivyokuja na majahazi kutoka mbali. Mkono utawasha. Viache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo, na "kimoja tu" cha kila mgeni ndicho kinachomaliza kisiwa. Beba maji yako ya kunywa ya kutosha, chupa tupu rudi nayo. Usiku Masoko lala ndani ya chandarua. Hewa ya chumvi haiwafukuzi mbu, hiyo ni hadithi nyingine. Ukipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi, kapime malaria kabla ya kusema ni uchovu wa safari.

Mwaka huu shemeji amepiga tena, safari hii ameuliza vizuri: aje sikukuu ipi? Jibu lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani hufuata mwezi, na kwa hiyo ni jedwali la maji tosha. Idd baada ya Ramadhani huangukia tarehe mosi ya Mfungo Mosi, mwezi ndiyo kwanza umeandama: bamvua. Asubuhi ya saa nne, saa tano, maji yako mbali, jioni ndiyo yamejaa. Ni Idd ya kutafuta pweza. Idd ya kuchinja ni tarehe kumi ya Mfungo Tatu, mwezi umeshapita nusu siku chache tu: maji bado ni mafu, yanajaa mchana saa sita, saa saba hivi. Toka Masoko asubuhi taratibu, rudi alasiri. Hiyo ndiyo Idd ya Songo Mnara.

Akasema basi atakuja Idd ya kuchinja, na raba amekwisha kununua. Kisha akauliza kama mbuzi anaruhusiwa kwenye boti. Hilo nimemwachia nahodha.